FEZA YA SHIDA

Ninyi munaoishi karibu na migodi munajua bei ya shaba. Lakini mulisikia kama vita inaweza kuondoa shaba hata ndani ya mufuko wa mutu? Jambo hili lilifika katika inchi ya Ujerumani.

Mwezi wa 8 mwaka 1914 vita kubwa ilianza. Watu wakaogopa, wakaficha nyumbani sarafu zao za zahabu na za madini ya feza. Serikali nayo ilitafuta shaba na nikeli kwa kutengeneza silaha, ikakusanya sarafu za metali hizo, ikatoa zingine za chuma na zinki. Hazikutosha. Sokoni feza ndogo-ndogo ikapotea. Mama muuza mukate alikosa cha kumurudishia mununuzi, na kompani ilikosa sarafu za kulipa watumishi wake.

Sasa walifanya namna gani? Miji mingi ikachapa vikaratasi vyake. Viwanda na migodi pia. Waliviita Notgeld, maana yake feza ya shida. Kikaratasi cha pfennig 50 kilipita katika muji uliokitoa. Mbali na pale watu walikikataa. Chenyewe kilikuwa karatasi tu. Nguvu yake ilikuwa ahadi ya wale waliotia sahihi: ukikileta kwetu, tutakulipa.

Kisha vita, miji mingi iliona faida. Ilichapa vikaratasi vya picha nzuri juu ya wale wanaokusanya vitu vya namna hiyo, kwa sababu havingerudishwa kulipwa. Muji wa Bielefeld ulichapa hata juu ya kitambaa cha hariri! Mwaka 1922 serikali ikakataza.

Lakini mwaka 1923 bei zilipanda kila siku. Benki kuu ilishindwa kuchapa feza ya kutosha, na miji ikaanza tena. Safari hii waliandika mamilioni, kisha mamilioni ya mamilioni. Mwezi wa 11 feza mupya, Rentenmark, ilitoka: moja yake ilikuwa sawa na mark za karatasi 1 000 000 000 000.

Wazee na wajane waliojiwekea akiba miaka mingi walibaki mikono mitupu. Mwenye deni kubwa, yeye, alilimaliza kwa karatasi isiyoweza kununua hata mukate. Hesabu ilisema amelipa. Je, alilipa kweli? Mwaka 1925 sheria mupya iliamuru madeni mengi ya nyumba na mashamba yalipwe tena kwa sehemu: robo ya bei yake ya zamani.

Kijana, nawe unatoa karatasi ya ahadi kila unapoandika jina lako katika kaye ya muuza duka, ao unapoingia likelemba. Bei yake ni wewe mwenyewe. Njo maana Yesu alifundisha juu ya ndiyo na siyo katika Matayo 5:37.

Ya kuzungumuza nyumbani:
1. Nani anangojea ahadi yetu?
2. Tukilipa deni kwa kitu kisicho na bei, tumelipa?