Dawa ya homoni chini ya ulimi: akina mama, tujue tunachotia mdomoni



Katika kupita kwetu kwenye vikundi vya akina mama, wale wanaopika ngazi na kukamua mawese huku Rumonge na wale wanaoanika ndagala kule Gitaza, tarafa ya Muhuta, tumeulizwa swali moja mara nyingi, tena kwa sauti ya chini. Wanauliza kama ni kweli kwamba vidonge vya homoni wanavyopewa akina mama waliokoma hedhi hufanya kazi vizuri zaidi vikiwekwa chini ya ulimi kuliko kumezwa. Sisi si madaktari, lakini tumewauliza wanaojua, na hapa tunawaeleza tuliyoyapata. Wanaume nao wasome, maana mara nyingi wao ndio wanaotumwa farmasi.

Tuanze na mwenzetu mmoja, mama wa miaka 51, ambaye hupika ngazi usiku ili mafuta yawahi soko la asubuhi. Joto la ghafla lilikuwa likimpanda kifuani na usoni, jasho likimtiririka, na mchana hapati usingizi. Daktari akampa dawa mbili: estrojeni ya kila siku, na kapsuli za projesteroni za kumeza kila jioni. Kapsuli zikamlevya. Usiku mmoja alisinzia hatua mbili tu kutoka kwenye pipa linalochemka. Jirani akamshauri asimeze tena, bali atoboe kapsuli kwa sindano na kukamulia mafuta yake kidogo chini ya ulimi. Akafanya hivyo. Baadaye akaona hata hayo ni usumbufu, akaacha projesteroni kabisa na kubaki na estrojeni, kwa kuwa ndiyo iliyomwondolea joto.

Baada ya miezi kadhaa damu ikaanza kumtoka. Akacheka na kutuambia kwamba ujana umemrudia. Sisi hatukucheka. Tulimsindikiza hadi kituo cha afya, nao wakampeleka hospitali, na huko ikaonekana kwamba utando wa ndani wa mfuko wake wa uzazi umenenepa kupita kiasi. Haikuwa kansa, lakini ilikuwa njia ya kuelekea huko.

Kwa nini yalimpata hayo? Estrojeni huotesha utando wa mfuko wa uzazi kama mvua inavyootesha majani shambani, na projesteroni ndiyo jembe la kupalilia. Mama mwenye mfuko wa uzazi akitumia estrojeni peke yake, majani huota bila mpaliliaji. Huko Marekani ulifanyika utafiti ulioitwa PEPI, na majibu yake juu ya mfuko wa uzazi yalichapishwa mwaka 1996. Wanawake 596 walifuatwa kwa miaka 3. Katika waliopewa estrojeni peke yake, karibu 62 katika kila 100 walipata unene usio wa kawaida wa utando huo. Waliopewa pamoja nayo kapsuli za projesteroni za kumeza, miligramu 200 kwa siku 12 za kila mwezi, walikuwa karibu sawa na wale ambao hawakupewa dawa yoyote. Kwa hiyo projesteroni si dawa ya nyongeza ambayo mtu anaweza kuiacha anapochoka. Mama aliyekwisha kuondolewa mfuko wa uzazi kwa upasuaji, huyo kwa kawaida haihitaji.

Sasa habari ya ulimi. Dawa ikimezwa hupita tumboni na kufika kwenye ini kwanza, na ini huivunja sehemu kubwa kabla haijaenea mwilini. Katika kuivunja, hutokea kitu kingine kinacholeta usingizi, na hicho ndicho kilichomlevya mwenzetu. Ili projesteroni ifae kumezwa ilibidi isagwe iwe unga laini sana na kuchanganywa na mafuta. Chini ya ulimi mambo ni tofauti: mishipa ya damu iko karibu, dawa huingia bila kupita kwenye ini kwanza. Mpaka hapo jirani yule hakusema uongo.

Lakini inayoingia haraka hushuka haraka. Baada ya saa chache imepungua sana katika damu. Nchini Polandi vipo vidonge vilivyotengenezwa hasa kwa kuyeyuka chini ya ulimi, vya miligramu 50, na hutumiwa zaidi ya mara moja kwa siku. Kapsuli ya mafuta ni kitu kingine. Ilipimwa kwa kumezwa, na utafiti ulioonyesha kwamba inalinda mfuko wa uzazi ulikuwa wa kumeza. Ukiitoboa, baadhi ya mafuta hubaki kwenye ganda, baadhi huyamezа pamoja na mate, na hakuna awezaye kukuambia kiasi gani kimeingia katika damu. Wala usijipime kwa kusema, "Mbona joto limekwisha?" Joto limeondolewa na estrojeni. Mfuko wa uzazi haupigi kelele mpaka umeharibika.

Kwa hiyo kapsuli ya kumeza imezwe. Ikikulevya, imeze unapokwenda kulala, na kama kazi yako ni ya usiku, mwambie daktari wazi ili akupangie saa ya kulala kwako, hata kama ni asubuhi. Kuna kapsuli ambazo daktari anaweza kuagiza ziwekwe ukeni, na njia hiyo hulevya kidogo. Akina mama huona haya kuuliza jambo hili. Ulizeni.

Aliyeandikiwa kidonge cha chini ya ulimi chenyewe, basi akae kitako, alowanishe mdomo kwa maji kama umekauka, akiweke na kukiacha kiyeyuke bila kukitafuna wala kula au kunywa kitu. Asiruke kile cha mchana kwa sababu kazi imemzidi. Nacho pia kinaweza kuleta usingizi, kwa hiyo siku za kwanza asipande pikipiki wala kusimama karibu na moto mpaka ajue kinavyomfanya. Mwenye kudhurika na karanga aulize kwanza, maana baadhi ya kapsuli, kama Prometrium ya Marekani, zina mafuta ya karanga.

Anayetumia dawa ya kifua kikuu yenye rifampisini, au baadhi ya dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, amwambie daktari, kwani hizo huzidisha kasi ya ini kuvunja homoni. Aliyewahi kuugua kansa ya matiti, au kuganda damu mguuni, au mwenye ini bovu, asiguse dawa hizi kwa ushauri wa jirani. Na damu yoyote baada ya mwaka mzima bila hedhi ni ya kupimwa.

Tumewasikia pia wachuuzi wanaouza unga wa kiazi kikuu cha mwitu wakisema ndani yake mna projesteroni. Mchezo huu una chembe ya ukweli. Katika miaka ya 1940 Mmarekani Russell Marker alitengeneza projesteroni kutokana na viazi vya namna hiyo huko Meksiko, na mwaka 1944 kampuni ya Syntex ikaanzishwa kwa kazi hiyo. Lakini aliitengeneza kwa madawa katika chupa za maabara. Tumbo la binadamu haliwezi kazi hiyo. Kula kiazi ushibe, faranga zako zihifadhi.

Wasimamizi wa mashine za mawese tumewaomba mama mwenye karatasi ya daktari apewe nafasi ya kwenda kupimwa bila kupoteza zamu, na mwenye dawa ya kulevya asipangwe kwenye pipa. Baadhi wamekubali. Palipokataliwa, tuleteeni habari. Na tunapokuja kwenye vikundi, njooni na sanduku la dawa pamoja na karatasi yake, si kapsuli moja iliyofungwa kwenye pindo la kitenge, ili tuweze kuisoma pamoja na muuguzi.