Kusaka Sifuri Kisarawe

Jiokashi ni mchezo wa kusaka kasha lililofichwa kwa kufuata namba za GPS. Mtu huficha kopo lenye daftari dogo, akatangaza kwenye intaneti latitudo na longitudo ya mahali alipolificha. Mwingine huziingiza namba hizo kwenye simu, akatembea mpaka alione, akaandika jina na tarehe, kisha akalirudisha palepale. Kama ndani mna vikorokoro, anayechukua kimoja huacha kingine cha thamani hiyohiyo.

Mchezo huu una siku ya kuzaliwa. Awali jeshi la Marekani lilivuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yaliyotumiwa na raia, hata kipokezi kikaweza kukosea kwa mita 100. Rais Bill Clinton aliamuru uvurugaji huo ukome, nao ukakoma saa 1 asubuhi ya tarehe 2 Mei 2000 kwa saa za Afrika Mashariki. Kesho yake Dave Ulmer akaficha ndoo porini katika jimbo la Oregon. Ndani alitia vitabu, manati na hata kopo la maharage. Wa kwanza kuipata aliitwa Mike Teague.

Jangwani mchezo huwa rahisi kwa upande wa mitambo. Kipokezi kinahitaji kusikia angalau satelaiti nne, zinazopita kilomita 20,200 juu ya dunia, na jangwa halina mti wa kuziba anga. Kazi hubaki kwa maji na jua. Mkoa wa Pwani wa Tanzania, hata hivyo, hauna jangwa. Jangwani iliyo jirani ni ile kata ya Dar es Salaam, ambayo mvua za masika zikishika hufurika. Kongowe na Kisarawe ni nchi ya mikorosho, mihogo na vichaka, na humo namba zina faida nyingine kabisa.

Jina la mahali hudanganya. Kuna Kongowe ya Kibaha, kwenye barabara ya Morogoro, na Kongowe ya Mbagala, kwenye barabara ya Kilwa. Aliyeambiwa tu “tukutane Kongowe” anaweza kumngoja mwenzake mchana kutwa. Namba haina pacha. Na wilaya ya Kisarawe inayo namba nzuri kuliko zote: latitudo ya nyuzi 7 Kusini hukutana na longitudo ya nyuzi 39 Mashariki ndani yake, kilomita 13 hivi kusini-magharibi mwa mji wa Kisarawe na kilomita 30 hivi kutoka Kongowe ya Kibaha.

Makutano ya aina hiyo yana wasakaji wake. Mwaka 1996 Mmarekani Alex Jarrett alianzisha mradi wa kuyafikia na kuyapiga picha makutano ya nyuzi kamili duniani kote. Hapo hakuna kasha wala daftari. Msakaji hutakiwa kufika ndani ya mita 100, akapiga picha za pande nne na ya tano ya kioo cha kipokezi, kikionyesha sifuri nyingi kadiri alivyoweza kuzipata.

Hesabu ya namba hizi ni nyepesi kwa watu wa karibu na ikweta. Kisarawe, nyuzi moja ni takriban kilomita 110.5, iwe ya latitudo au ya longitudo. London nyuzi moja ya longitudo haifiki kilomita 70. Nyuzi hugawanywa katika dakika 60, na sehemu moja ya elfu ya dakika ni chini kidogo ya mita 2. Kwa hiyo tarakimu ya mwisho inapobadilika kwenye simu, mtu amepiga hatua mbili tatu tu.

Mitego ipo. Anayesahau alama ya kutoa mbele ya 7 hupelekwa nyuzi 7 Kaskazini, yaani Ethiopia, kilomita 1,500 na ushei kutoka Kisarawe. Mtego wa pili umejificha zaidi. Ramani za zamani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa msingi wa upimaji uitwao Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS 84. Sehemu hizi misingi hiyo hupishana kwa zaidi ya mita 200, hivyo makutano yaliyochapwa kwenye karatasi siyo yale ya kwenye simu. Aliyeifuata ramani bila kujua hilo atasimama shambani kwa mtu, amekosea, na roho yake nyeupe.

Shambani kwa mtu ndipo penye uzito. Kibaha na Kisarawe GPS imeingia vijijini kwa mlango wa viwanja: anayeonekana nayo ni mpima ardhi, na nyuma ya mpima ardhi huja bikoni. Mgeni anayezunguka mikorosho akikodolea simu ataulizwa, “Kijana, unampimia nani?” Jibu la kwamba anatafuta sifuri halimtoshelezi mzee yeyote. Ndiyo maana safari huanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa shikamoo na maelezo, na mara nyingi huondokea hapo na kijana mwenyeji wa kuonyesha njia. Kwenye misitu ya hifadhi, kama Pugu na Kazimzumbwi, ruhusa hutoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.

Mshale wa simu huchora mstari ulionyooka. Haujui korongo wala upupu. Kiangazi nyasi hupungua, lakini ndipo maganda ya upupu hukauka na vinyweleo vyake kupeperuka, na aliyeguswa navyo hujikuna mpaka asahau alichofuata. Mwenyeji huzunguka kwa njia ya wachoma mkaa, ndefu mara mbili, na hufika mapema.

Mita za mwisho ndizo ngumu. Chini ya miti mawimbi hugonga majani na vigogo, na namba huruka: sifuri, kisha tano, kisha tisa upande wa pili. Msakaji mzoefu huiacha simu itulie, husogea hatua moja, hungoja tena. Akishapiga picha zake tano hubakiwa na kurudi, kwa namba za mahali alikoanzia alizozihifadhi alfajiri, kabla betri haijaanza kushuka.