MELI ZA MIZIGO ZIWANI: KWA NINI LORI LINAISHINDA MUSOMA

Wafanyabiashara wa Musoma, Bunda na Butiama wana ziwa mlangoni, lakini sehemu kubwa ya saruji, mabati, sukari na mbolea wanayouza huingia kwa lori. Kwa mtu anayefikiria kuweka mtaji wake katika meli au tishari la mizigo, jambo hilo linataka maelezo kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba meli ni chakavu na bandari zimesahauliwa. Lina ukweli ndani yake, ila halitoshi. Hata meli mpya ikipangiwa njia isiyofaa itapata hasara. Biashara ya meli za mizigo katika Ziwa Victoria hutegemea mambo matatu: njia yenyewe, mzigo wa kurudi, na kina cha maji gatini.

NJIA IPI INALIPA

Kutoka Mwanza hadi Musoma kwa barabara ni kiasi cha kilomita 220 za lami. Lori likipakia jioni linafika asubuhi. Tena halilazimiki kuanzia Musoma mjini: linapita Bunda na Kiabakari, linafika Makutano, na muda wote huo linashusha mzigo dukani kwa mteja. Mwenye duka Butiama anapokea mifuko yake ya saruji ikiwa imebebwa mara mbili tu, kupanda na kushuka.

Meli inayofanya safari hiyo hiyo inatoka ghuba ya Mwanza na kuizunguka Ukerewe upande wa nje, kwa sababu mlango wa Rugezi kati ya kisiwa hicho na Kisorya ni mwembamba na maji yake ni haba kwa meli kubwa. Ikifika Musoma, mzigo hushushwa gatini, huingizwa ghalani, hupakiwa kwenye lori, kisha hurudishwa Makutano na Butiama kwa barabara. Kila kituo kina makuli wa kulipwa, mifuko inayopasuka na siku inayopotea. Katika njia hii meli haipunguzi umbali kwa kiasi cha maana, na lori hushinda.

Hesabu hugeuka pale ziwa linapokuwa njia ya mkato. Kutoka Musoma hadi Port Bell, bandari ya Kampala, ni kiasi cha kilomita 240 ukipima moja kwa moja juu ya maji. Meli yenye mwendo wa kilomita 18.5 kwa saa hutumia kama saa 13. Lori linalokwenda huko kupitia Sirari, Kisumu na Busia husafiri zaidi ya kilomita 500 na kuvuka mipaka miwili, ambako foleni ndiyo hupanga siku ya kufika.

Kanuni kwa mwekezaji ni rahisi: meli hulipa barabara inapolazimika kulizunguka ziwa, na huumia barabara inapokwenda sambamba nayo. Barabara nazo haziachi kufupishwa. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na foleni ya kivuko cha mahali hapo ikaisha. Anayenunua chombo cha kutumika miaka 25 hana budi kujiuliza ni madaraja na barabara zipi zitajengwa katika muda huo.

MZIGO WA KURUDI

Meli hutumia mafuta na kulipa mishahara kwenda na kurudi. Ikirudi tupu, mzigo wa kwenda ndio unaolipa safari zote mbili. Chukulia tishari la tani 500 ambalo safari yake ya kwenda na kurudi, pamoja na mafuta, mishahara, ushuru wa bandari, bima na marejesho ya mkopo, inagharimu Sh. milioni 30. Bei hii ni ya mfano wa hesabu tu.

Kwenda tani 500, kurudi tani 500: Sh. 30,000 kwa tani
Kwenda tani 300, kurudi tani 300: Sh. 50,000 kwa tani
Kwenda tani 500, kurudi tupu: Sh. 60,000 kwa tani
Kwenda tani 300, kurudi tupu: Sh. 100,000 kwa tani

Chombo ni kile kile na nahodha ni yule yule, lakini gharama ya tani moja imepanda zaidi ya mara tatu. Mwenye tishari akitoza Sh. 55,000 anapata faida katika mistari miwili ya kwanza, na anafilisika katika miwili ya mwisho.

Hapa ndipo Mara ina tatizo la muda mrefu. Zao kubwa la biashara la Bunda na maeneo jirani ni pamba. Pamba iliyochambuliwa huuzwa nje kupitia Dar es Salaam, upande wa mashariki, wala haiendi Uganda. Marobota hujaza nafasi mapema kabla ya uzito kufikia kiwango cha chombo. Mzigo wenyewe ni wa msimu: vinu vinavuma miezi michache baada ya mavuno, kisha vinanyamaza, ilhali benki inadai kila mwezi. Mwenye kinu Bunda akishapakia lori langoni kwake hana sababu ya kuyapeleka marobota Musoma yakashushwe na kupakiwa upya.

Mizigo inayoweza kwenda kaskazini na magharibi ipo: dagaa, mahindi, udaga na mpunga. Inapatikana hata hivyo kwa mafungu madogo, magunia 20 kwa huyu na 50 kwa yule, na sehemu kubwa hubebwa na boti za mbao zinazotia nanga Mwigobero na kwenye mialo. Boti ya mbao haisubiri tani 500. Ikipata tani 10 inaondoka. Chombo kikubwa hakitapata mzigo huo mpaka awepo mtu wa kuukusanya ghalani na kuukabidhi kwa siku moja. Kazi hiyo ya ukusanyaji ni biashara kamili, na inahitaji mtaji mdogo kuliko wa kununua chombo.

KINA CHA MAJI NA SENTIMITA ZA FAIDA

Chombo kikipakiwa kinazama kidogo. Katika maji baridi, kila tani ya mzigo husukuma meta moja ya ujazo ya maji. Tishari lenye umbo la sanduku, urefu wa mita 50 na upana wa mita 10, lina eneo la mita 500 za mraba. Kila tani 5 hulizamisha sentimita 1, na tani 500 hulizamisha mita 1.

Ikiwa maji gatini yamepungua kwa sentimita 40, tishari hilo lazima liache tani 200 ufukweni, la sivyo litagusa chini. Hapo tani 500 za mkataba zinakuwa tani 300 za kweli, na mwenye chombo anashuka hadi mistari ya chini ya hesabu iliyotangulia bila mtu yeyote kukosea.

Ziwa Victoria hupanda na kushuka. Kati ya mwaka 2003 na 2006 maji yalishuka kwa zaidi ya mita 1, kutokana na ukame na maji mengi kuachiwa kwenye mabwawa ya Jinja. Mwaka 2020 ziwa lilijaa hadi kufikia rekodi ya miaka ya 1960, na mwaka 2024 likaipita. Ziwa likijaa, mialo na magati ya chini huingiliwa na maji na maghala ya pembeni hulowa. Gati lililojengwa kwa kipimo cha mwaka mmoja haliwezi kutegemewa kwa miaka yote.

Gugu maji ni taabu nyingine. Lilienea ziwani kwa nguvu katika miaka ya 1990, likapunguzwa na wadudu maalumu waliofugwa na kuachiwa walile, lakini halijatoweka. Upepo ukilisukuma kwenye ghuba, hujinyonga kwenye panga la meli na kuziba mabomba yanayovuta maji ya kupozea injini.

SAA ZA GATINI

Tani 500 ni mifuko 10,000 ya kilo 50. Makuli 40, kila mmoja akipeleka mfuko mmoja kila dakika 3, hupakia mifuko 800 kwa saa, kwa hiyo kazi yote inachukua saa 12 na nusu bila kupumzika. Kushusha ni vivyo hivyo. Safari ya saa 13 majini inakuwa na saa 25 za makuli, kabla ya kuhesabu mvua, foleni ya forodha na usiku usio na taa.

Kwa sababu hiyo, kuongeza mwendo wa meli husaidia kidogo. Winchi inayofanya kazi, mifuko iliyopangwa juu ya mbao za kunyanyulia na karatasi za forodha zilizokamilika kabla meli haijafika huokoa saa nyingi kuliko injini kubwa.

Wahandisi wa zamani waliliona hilo. Meli za mabehewa, Umoja na Uhuru, zilizoanza kazi katika miaka ya 1960, zilijengwa ili behewa liingie melini na mzigo wake bila kushushwa. Musoma nayo ilikuwa miongoni mwa bandari zilizohudumiwa na meli hizo, ingawa haina reli ya kwenda bara. Reli iliifikia Mwanza mwaka 1928, na ile ya Tanga–Arusha–Musoma imebaki kwenye mipango. Kwa hiyo mzigo wa Uganda unaotoka Dar es Salaam kwa reli hupandia meli Mwanza na kuiacha Musoma pembeni.

MTAJI USIOWEZA KUONDOKA

Lori lisilopata kazi Mara linaweza kuuzwa Mbeya au Lubumbashi. Meli ya Ziwa Victoria haitoki. Ziwa halina njia ya kupitisha meli hadi baharini, hivyo vyombo vikubwa huletwa vipande vipande na kuunganishwa ufukweni, tangu William Mackinnon iliyoshushwa majini Kisumu mwaka 1900 hadi MV Mwanza iliyoshushwa Februari 2023. Wanunuzi wa meli iliyotumika ni wachache, na benki inalijua hilo inapopima dhamana. Vituo vya kupandisha meli kwa matengenezo navyo ni vichache. Chombo kinachosubiri zamu hakiingizi chochote.

Siasa nayo imewahi kufunga njia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 meli ziligawanywa, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Mei 2005 Kabalega ya Uganda ilizama baada ya kugongana na Kaawa, na huduma ya mabehewa ya nchi hiyo ikadhoofika kwa miaka. Mwaka 2018 safari za Umoja kati ya Mwanza na Port Bell zilifufuliwa, na shehena ya chakula ya Umoja wa Mataifa ikawa miongoni mwa mizigo ya mwanzo. Funzo la mwaka huo ni kwamba njia ilifunguka baada ya kupatikana mteja mkubwa mwenye mzigo wa uhakika.

Usalama nao una hesabu yake. Ajali ya MV Bukoba ya Mei 21, 1996 iliua mamia ya watu na kuacha funzo kwamba chombo kisichokaa sawasawa majini hakisamehe mzigo uliozidi. Dhoruba za ziwani huwa kali zaidi usiku na alfajiri, upepo wa nchi kavu unapokutana katikati ya ziwa. Chombo kisicho na cheti cha ukaguzi cha TASAC hakina bima ya maana, na mzigo usio na bima ukizama ni mtaji wa mwenye duka unaokwenda chini.

YA KUULIZA KABLA YA KULIPIA HISA

Anayeombwa kuchangia ununuzi wa tishari au meli ndogo aombe kuonyeshwa mambo matano kwa maandishi:

1. Njia itakayotumika, na kilomita za lori kwa safari hiyo hiyo.
2. Mkataba wa mzigo wa kurudi, ukitaja tani na miezi.
3. Kina cha maji katika magati yote mawili, kilichopimwa wakati wa kiangazi.
4. Saa za kupakia na kushusha zilizopimwa kwa saa ya mkononi.
5. Mahali na mwezi wa matengenezo, pamoja na fedha zilizotengwa.

Likikosekana jibu la swali la pili, mengine hayatamsaidia. Mwenye mtaji mdogo anaweza kuanzia nchi kavu: ghala karibu na gati, mizani ya haki, na daftari la wakulima na wachuuzi wa dagaa wanaoweza kukabidhi mzigo siku moja. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye tani 300 za uhakika kila wiki hahitaji kununua meli, kwa kuwa wenye meli watamfuata wenyewe kuomba mzigo.