Je, Wajua? Mvuke wa Maji Hutangaza Kuzaliwa kwa Nyota

Mwaka 1965, wanaastronomia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walinasa mawimbi ya redio yenye nguvu ya ajabu kutoka mawingu ya gesi angani. Kwa kuwa hawakujua yametolewa na nini, waliyapa jina “misteriamu”, yaani fumbo. Kumbe ni molekuli ndogo tu: haidroksili, atomu moja ya oksijeni na moja ya haidrojeni.

Ile ilikuwa maseri ya asili. Maseri ni kaka mkubwa wa leza, ila yeye hukuza mikrowevu badala ya mwanga. Mwanafizikia Charles Townes na wenzake waliitengeneza maabarani mwaka 1954. Mbingu zilikuwa nazo tangu kale! Mwaka 1969 Townes huyohuyo na wenzake waligundua maseri za mvuke wa maji, zikiwemo za kundinyota la Orioni.

Nyota changa hujificha ndani ya wingu zito la vumbi, darubini ya kawaida isiione. Lakini joto lake, na gesi ambayo nyota hiyo huitapika kwa kasi, huzijaza nishati molekuli zilizo jirani. Wimbi hafifu likipita, molekuli moja huachilia nishati yake, nyingine hufuata, na nyingine tena, mpaka mnong’ono unageuka ukelele unaopenya vumbi lote.

Maseri za methanoli za gigahezi 6.7 zinavutia zaidi: huonekana karibu tu na nyota kubwa zinazoanza kuumbika. Mwaka 2017 dishi la Kutunse, Ghana, lililokuwa la mawasiliano ya simu, lilizinasa.