Nishati ya Minara na Haki ya Vijiji vya Kongo

Mwaka 1982 ilikamilika njia kuu ya umeme yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, inayopeleka nguvu za maporomoko ya Inga, magharibi mwa Kongo, hadi kwenye migodi ya shaba ya Kolwezi, kusini-mashariki mwa nchi hiyo. Vijiji vingi vilivyo chini ya nyaya hizo havipati umeme huo. Katika hali hiyo mnara wa simu unaojengwa kijijini hauna budi kutegemea jenereta ya dizeli au umeme wa jua na betri zake. Kwa hiyo suala la matumizi ya nishati ya minara si la wahandisi peke yao. Linahusu nani atapata mawasiliano na nani atayakosa.

Njia mojawapo ya kupunguza matumizi hayo ni minara ya kupokezana, ambayo hupokea mawimbi kutoka mnara mkuu na kuyarusha tena mbele. Faida yake hutokana na kanuni ya maumbile: mahali palipo wazi, umbali ukizidi mara mbili, nguvu inayotakiwa huzidi mara nne. Kwa mfano, ikiwa mnara mkuu unahitaji wati 40 ili kukifikia kijiji, mnara wa kupokezana ukiwekwa katikati kila hatua itahitaji wati 10, yaani wati 20 kwa jumla. Penye misitu na milima, ambako mawimbi hudhoofika upesi, akiba yaweza kuwa kubwa zaidi.

Hata hivyo, akiba hiyo haipatikani bure. Mtambo wa kupokezana hula umeme hata unapokuwa kimya. Ukila wati 30 kwa ajili yake wenyewe, faida yote imepotea. Aidha, mtambo wa kawaida hauwezi kupokea na kurusha kwa wakati mmoja katika masafa yale yale. Muda hugawanywa, na ili ujumbe usichelewe ni lazima nguvu iongezwe. Ndiyo maana wataalamu hupanga kwa pamoja muda, masafa na nguvu, na kuulaza mtambo wakati hakuna wa kuhudumiwa.

Lakini hesabu hiyo ina hatari yake. Mtandao ukiagizwa kutafuta tu ujumbe mwingi kwa nishati ndogo, utawapendelea walio karibu na mnara, kwa kuwa kuwahudumia ni rahisi. Mkulima aliye mbali atakuwa wa mwisho siku zote. Dawa yake inajulikana: kwanza kuweka kiwango cha chini cha huduma kwa kila mtumiaji, kisha kutafuta akiba pasipo kukivunja kiwango hicho.

Nyaya za Inga zimekwisha kutoa funzo. Nguvu ikipita juu ya kijiji bila kushuka, kijiji hubaki gizani. Ni wajibu wa wanaopanga mitandao, na wa serikali zinazotoa leseni za masafa, kuhakikisha kwamba mawimbi nayo hayapiti juu ya vichwa vya watu wale wale.