33,550,336: namba kamilifu iliyochelewa

Chukua 10. Vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, ni 1, 2 na 5. Jumla yake 8. Haijifikii, ndiyo maana huitwa namba pungufu. 12 inajipita: 1, 2, 3, 4 na 6 hufanya 16, kwa hiyo ni namba ziada. Lakini 28 ina 1, 2, 4, 7 na 14, na jumla inarudi palepale, 28. Hiyo ni namba kamilifu.

Wagiriki wa kale walizijua nne: 6, 28, 496 na 8,128. Nicomachus wa Gerasa, aliyeandika yapata mwaka 100 B.K., aliona moja ina tarakimu moja, nyingine mbili, nyingine tatu, nyingine nne, akaamini mpangilio huo utaendelea. Haukuendelea. Ya tano ina tarakimu nane: 33,550,336. Katika karne ya 13, mwanahisabati Ibn Fallus tayari alikuwa ameiweka kwenye jedwali lake la namba kamilifu. Kati ya 8,128 na hiyo hakuna hata moja.

Tuifungue. 33,550,336 ni 4,096 mara 8,191. Ile 4,096 ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara kumi na mbili. 8,191 ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Basi vigawo viko makundi mawili. La kwanza ni 1, 2, 4, 8 hadi 4,096. Vijumlishe: 8,191 kamili! La pili ni 8,191 ikizidishwa kwa 1, 2, 4 hadi 2,048, na jumla yake ni 8,191 mara 4,095. Ongeza ile 8,191 ya kundi la kwanza, unapata 8,191 mara 4,096, yaani namba yetu. Sijui hesabu fupi iliyo nzuri kuliko hii, na njia yake Euclid aliithibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Uzito wote umebebwa na ule utasa. Jaribu hatua mbili nyuma: 1,024 mara 2,047 ni 2,096,128, yenye tarakimu saba, kama Nicomachus angetaka. Lakini 2,047 ni 23 mara 89. Vigawo vipya vinaingia, jumla inafika 2,325,392, na namba inakuwa ziada.

Namba yetu ina sura nyingine pia. Ni namba ya pembetatu, jumla ya 1 hadi 8,191. Ni jumla ya vipeo vya tatu vya namba witiri 64 za kwanza, kuanzia 1 hadi 127. Hata tarakimu zake zikijumlishwa zinatoa 28, ingawa hilo naliona ni sadfa tu.

Ukitaka kuhakiki mwenyewe kwamba 8,191 ni tasa, igawanye kwa namba tasa zote zisizozidi 90. Ziko 24. Kalamu, karatasi na jioni moja vinatosha.