Mgeni wa Parokia na Kibali cha Kuingia Kenya



Rais William Ruto alipotangaza tarehe 12 Desemba 2023 kwamba wageni hawatahitaji tena viza kuingia Kenya, wengi walituuliza: "Kwa hiyo wageni wetu watanunua tikiti tu waje?" La, sivyo. Viza iliondolewa Januari 2024, lakini mahali pake pakawekwa kibali cha kielektroniki kiitwacho eTA, ambacho ada yake ilianza kwa dola 30. Mgeni hukiomba kwa intaneti kabla ya kusafiri, akionyesha pasipoti, safari yake na mahali atakapolala. Wanaosahaulika zaidi ni watoto: hata mtoto mchanga huombewa kibali chake.

Majirani zetu wa Tanzania na Uganda hawakuguswa. Mwaka 2025 serikali iliamua kuwaondolea sharti hilo raia wa karibu nchi zote za Afrika, isipokuwa Somalia na Libya. Hivyo wanaohusika hasa ni wahisani wetu wa Ulaya na Marekani.

Lakini tatizo kubwa halipo mpakani, lipo kazini. Mwaka 2024 muuguzi mmoja alikuja kwa eTA kujitolea wiki mbili, na zahanati ya parokia ikawa imeshampangia zamu. Tulipogundua kosa, ilibidi tumwombe asiguse mgonjwa. Alikaa kwenye benchi akitazama foleni ya akina mama na watoto. Aliumia, nasi tuliona haya, maana barua ya mwaliko tuliiandika sisi.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inamkataza mgeni kufanya kazi bila idhini, awe analipwa au halipwi. Neno "kujitolea" halimwokoi, na anayempa kazi hiyo naye anaweza kushtakiwa. Kwa kazi ya muda mfupi huombwa pasi maalum. Anayekuja kuhudumu kwa muda mrefu katika shughuli za dini au za hisani huombewa kibali cha daraja I. Muuguzi anahitaji pia leseni ya Baraza la Wauguzi.

Kuona mradi, kusali nasi na kula nasi hakuna shida. Basi, kamati iandike wazi katika barua ya mwaliko mgeni anakuja kufanya nini. Akiwa na kazi ya mikono, maombi yaanze miezi kadhaa kabla, na tikiti inunuliwe baada ya pasi kutoka.